Baiskeli ya Gia Moja kwa Tope la Masika: Mwongozo Kamili wa Kuigeuza Mwenyewe

Tangu Machi ianze nimeletewa baiskeli nne za milimani ambazo wenyewe walizigeuza kuwa za gia moja. Zote zina ugonjwa mmoja: cheni inaruka kwenye mpando, au inachomoka kwenye mteremko. Kila mmoja anaamini aliuziwa sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) mbovu. Nikiinama nyuma ya gurudumu na kufumba jicho moja, naona kilekile: sproketi ya mbele iko huku, ya nyuma iko kule, na cheni inapita mshazari katikati. Kuvua gia ni kazi ya nusu saa. Kunyoosha cheni ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayorukwa.

Udongo mwekundu wa huku Lushoto ukilowa unanata kama ulimbo. Unaingia kwenye vigurudumu vidogo vya gia ya nyuma, unachanganyika na majani, na cheni ikikwama hapo mkono wote wa gia, kile chuma cha nyuma kinachohamisha cheni, unavutwa kwenye spoki. Mimi ulinikuta kwenye kipande cha kupanda Magamba. Nilisikia "kaa!" moja tu. Sikio la fremu, pale mkono wa gia unapofungwa, lilikatika, spoki tatu zikaenda nalo, nami nikashuka na baiskeli begani huku tope likinichuruzika mgongoni. Kisicho na mkono wa gia hakina cha kukatika.

Tuelewane lakini. Kama njia zako ni za udongo mweusi wa mbugani, gia moja haitakuokoa. Ule hujaa kwenye uma hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Subiri jua.

## Vifaa

Zana:

- alenki za milimita 4, 5, 6 na 8
- spana namba 15 kwa nati za gurudumu
- kitoa pini cha cheni
- spana ya kaseti au ya friwili (soma Hatua ya 1 kwanza, ni vitu viwili tofauti)
- kipande cha bapa la chuma kilichofungwa cheni kuukuu mwishoni, cha kuzuia kaseti isizunguke. Ukikosa, fundi wa kuchomelea atakutengenezea
- rula ndefu ya chuma iliyonyooka kweli
- msumeno wa chuma na tupa
- grisi, oili, matambara

Vipuri:

- sproketi moja ya nyuma, au friwili ya gia moja
- cheni mpya (usijaribu kubana hela hapa, sababu inakuja)
- spesa za kujazia nafasi kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya kaseti
- bolti fupi za sproketi ya mbele, au washa za kujazia zile ndefu
- kikaza cheni, kama fremu yako inakihitaji

Usinunue sproketi wala friwili leo. Fanya hatua mbili za kwanza kabla hujanunua kitu.

## Hatua ya 1: Jua habu yako ni ya aina gani

Vua gurudumu la nyuma. Tazama katikati ya rundo la sproketi, pale penye vijino vya kuingizia spana. Sasa zungusha sproketi kinyumenyume kwa kidole.

Vile vijino vikizunguka pamoja na sproketi, una kaseti: utaratibu wa kuachia umo ndani ya habu, na sproketi zimevishwa tu juu yake. Vikibaki vimetulia huku sproketi zikizunguka, una friwili, yaani sproketi na utaratibu wa kuachia ni kitu kimoja kilichokazwa kwa nyuzi kwenye habu.

Baiskeli nyingi za mtumba zenye gia 6 au 7 nyuma ni za friwili. Zenye 8 au 9 kwa kawaida ni kaseti. Usikisie kwa kuhesabu tu, zungusha uone.

Mwenye friwili ana bahati ambayo wengi hawaijui. Nyuzi za habu yake kwa kawaida ni zilezile za baiskeli kubwa za kawaida, zile za kubebea mkaa na magunia. Friwili ya meno 18 au 20 ipo karibu kila duka la vipuri, hata gulioni.

## Hatua ya 2: Chagua uwiano, na uwe mpole na magoti

Kosa la pili kwa ukubwa ni kuchagua gia ya barabara ya lami. Kwenye tope unahitaji nyepesi kuliko unavyodhani, maana tairi linazama na huwezi kuchukua kasi kabla ya mpando.

Kwa gurudumu la inchi 26, mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka hivi:

- meno 32 mbele na 16 nyuma: karibu mita 4.1
- 32 na 18: karibu mita 3.7
- 32 na 20: karibu mita 3.3

Mimi natumia 32 na 18 kiangazi na 32 na 20 masika. Kwa njia za tambarare 32 na 16 inatosha. Kwa gurudumu la inchi 29, 32 na 20 inakupa mita 3.7, kwa hiyo usinakili namba za rafiki yako kabla hujalitazama gurudumu lake.

Baiskeli nyingi za bei nafuu zina meno 28, 38 na 48 mbele. Hapo ile ya kati ni nzito mno: 38 na 20 ni mita 3.9. Tumia ile ndogo ya 28 pamoja na friwili ya 16 au 18. Baadaye utaona kwamba hiyo 28 inatatua na tatizo jingine.

## Hatua ya 3: Osha, kisha vua

Osha kwanza. Ukivua ikiwa chafu, mchanga unaingia kwenye nyuzi za bolti na zitaliwa.

Kata cheni kuukuu. Toa mkono wa gia wa nyuma, ila usiutupe, huenda ukauhitaji. Toa ule wa mbele, nao uende moja kwa moja. Tazama pale nyuma ya bomba la kiti na utaona ndipo tope lilipokuwa likijenga nyumba. Toa vibadilisha gia kwenye usukani na waya zote. Kwa jumla unapunguza uzito unaokaribia kilo moja.

Usiguse waya za breki. Nasema kwa sababu imeshatokea.

## Hatua ya 4: Mbele, bakiza sproketi moja

Tazama sproketi za mbele zimeshikwaje. Kama ni kwa bolti tano au nne za alenki, zifungue, toa kubwa na ndogo, bakiza ya kati (au bakiza ndogo, kama umeamua kutumia ile 28). Bolti za zamani zilikuwa zinashika vyuma viwili, sasa zitashika kimoja, kwa hiyo zitafika mwisho kabla ya kubana. Tumia bolti fupi au jazia washa. Dalili ya kufaulu: ukiishika sproketi kwa vidole na kuitikisa, haichezi hata kidogo.

Kama zimepigwa ribiti, na kwa mtumba ndiyo kawaida, ziache zote. Ni uzito tu. Nimeona watu wakikata ribiti kwa mashine ya kusaga wakabaki na sproketi inayoyumba kama sahani ya bati.

Kagua meno. Yaliyoliwa yanalala upande mmoja kama mawimbi. Hayo hayawezi kushika cheni mpya.

## Hatua ya 5: Nyuma, vua rundo

Kaseti. Zuia sproketi kwa bapa lako lenye cheni, ingiza spana ya kaseti, fungua kinyume cha saa. Pete ya kufungia itatoa mlio wa kukwaruza inapoachia. Usishtuke, ina vijino chini yake. Sproketi zote zitateleza nje.

Friwili. Hii inajikaza yenyewe kila unapokanyaga pedali, kwa hiyo baada ya miaka mitano inashika kama imechomelewa. Usipambane nayo kwa spana ya mkono. Bana spana ya friwili kwenye jiriwa, liweke gurudumu juu yake kama usukani wa lori, kisha lizungushe kinyume cha saa kwa mikono miwili. Kabla hujavuta, hakikisha spana imezama hadi mwisho kwenye vijino vyake. Ikiruka mara moja tu, vijino vinakatika na friwili hiyo haitoki tena bila kuvunjwavunjwa.

Safisha nyuzi kwa kitambaa, paka grisi ya kutosha, kisha anzisha friwili mpya kwa vidole. Iingie mizunguko mitatu kwa vidole. Ikikataa, simama: imeingia upande, au nyuzi si za aina moja. Kuilazimisha ni kuua habu.

## Hatua ya 6: Nyoosha cheni (hapa ndipo penye kazi)

Tafuta umbali wa sproketi ya mbele kutoka katikati ya fremu. Pima kutoka ubavu wa bomba la kiti hadi katikati ya meno ya sproketi, kisha ongeza nusu ya unene wa bomba. Kwa sproketi ya kati, baiskeli nyingi za milimani hutoa kati ya milimita 47 na 50. Tuseme umepata 48.

Nenda nyuma. Pima nafasi kati ya midomo miwili ya fremu, ndani kwa ndani, pale gurudumu linapokaa. Nyingi ni milimita 135, za zamani zipo za 130. Gawanya kwa mbili: 67.5. Toa 48. Inabaki 19.5. Hiyo ndiyo namba yako: katikati ya sproketi ya nyuma ikae milimita 19.5 kutoka uso wa ndani wa mdomo wa kulia wa fremu.

Iandike mkononi kwa kalamu. Kila kitu kingine katika hatua hii ni kuifikia namba hiyo.

Mwenye kaseti anafika kwa spesa. Unaweza kuvunja kaseti kuukuu ukapata spesa zake, au ukakata bomba la plastiki la maji. La inchi moja na robo ndilo hukaribia, lakini nenda dukani na gurudumu lenyewe, ulivishe: liingie bila kupwaya. Kukata bomba kwa msumeno likanyooka ni mtihani. Chukua karatasi ndefu, lizungushie bomba hadi kingo za karatasi zikutane sawasawa, chora mstari kando yake, kata nje kidogo ya mstari, malizia kwa tupa. Spesa iliyokatwa upande inaiyumbisha sproketi, na cheni itakuwa inakaza na kulegea kila mzunguko.

Vaa spesa ya ndani, sproketi, spesa ya nje. Rundo lote lizidi mwisho wa habu kwa milimita moja hivi, ili pete ya kufungia ibane rundo na si habu. Kaza kwa mkono mzima.

Angalia pia unene wa kitako cha sproketi. Zile nyembamba zilizotoka kwenye kaseti kuukuu hukata njia kwenye habu ya alumini, maana sasa nguvu zote ziko kwenye jembamba moja. Kwenye habu ya chuma zinavumilia. Kwenye alumini nunua yenye kitako kipana.

Mwenye friwili hana spesa za kucheza nazo. Friwili ya gia moja inakaa ndani sana, karibu na spoki, wakati sproketi ya kati mbele iko nje. Hao ndio wagonjwa wangu watatu kati ya wanne. Una njia tatu:

1. Tumia sproketi ndogo ya mbele. Iko ndani zaidi, na mara nyingi peke yake inamaliza tatizo. Ndiyo ile 28 niliyoitaja.
2. Weka washa nyembamba yenye tundu la kupita nyuzi za habu nyuma ya friwili, milimita 1 hadi 2. Usizidishe, friwili inahitaji nyuzi za kushika.
3. Hamisha washa za ekseli kutoka kulia kwenda kushoto, habu nzima isogee kulia, kisha mpe fundi wa spoki arudishe rimu katikati. Gurudumu linakuwa imara zaidi, kwa sababu spoki za pande mbili zinakaribiana kwa mvuto. Acha nafasi ya kutosha cheni isiguse fremu. Kama una breki ya diski, njia hii isahau, diski itahama kwenye breki yake.

Kuhakiki: laza rula ya chuma kwenye uso wa sproketi ya mbele, ifike nyuma. Kisha simama nyuma ya baiskeli, fumba jicho moja, tazama kwenye usawa wa cheni. Tofauti ya milimita 1 au 2 inavumilika. Ya 5 itakurudisha kwangu.

## Hatua ya 7: Cheni na kukaza

Cheni kuukuu imeshatanuka. Ikikutana na meno mapya inapanda juu yake badala ya kukaa kati yake, ndiyo maana nilisema usibane hela. Aina nazo ni mbili: ile nyembamba ya gia nyingi, na ile pana ya baiskeli ya kawaida. Nyembamba haiingii kwenye meno manene ya friwili ya gulioni. Pana inakaa kotekote. Ukiwa na shaka, nunua pana.

Ikiwa inafungwa kwa klipu, upande wa klipu uliofunga uelekee kule cheni inakokwenda, na ule wenye uwazi ubaki nyuma. Ukigeuza, kijiti kimoja kinatosha kuing'oa.

Sasa tazama midomo ya fremu ya nyuma.

Ikiwa imelala, gurudumu linaweza kuvutwa nyuma. Livute, kaza nati ya kulia kidogo, nyoosha tairi katikati, kaza zote mbili. Tumia nati za spana na washa zenye meno. Ekseli ya kufungulia kwa mkono huteleza ukisimama kwenye pedali. Kama unaweza kupata ajasta ndogo mfano wa zile za cheni ya bodaboda, weka upande wa kulia.

Ikiwa imesimama wima, gurudumu halina pa kwenda, unahitaji kikaza. Cha bei rahisi unacho tayari: ule mkono wa gia wa nyuma. Urudishe mahali pake, pitisha cheni, kisha chukua kipande kifupi cha waya wa gia chenye kichwa chake, kipite kwenye kiungio cha mkono na ukibane kwa bolti yake ya kawaida, ili vigurudumu vikae sawa kabisa chini ya sproketi. Rekebisha kwa skrubu ya pembeni. Fupisha cheni mpaka mkono uvutwe mbele kidogo. Mkono ukining'inia wima cheni itapiga fremu.

Nakiri kwamba hapo tumerudisha kile tulichokikimbia. Ila sasa hauhami, cheni imenyooka, na tope linapata pa kudondokea. Kikaza cha kusukuma juu ni bora zaidi ukikipata, maana cheni inakumbatia meno mengi.

Kuna na ujanja wa kukwepa kikaza. Kuongeza jino moja, mbele au nyuma, ni sawa na kusogeza ekseli karibu milimita 3. Kiungo kimoja cha ziada kwenye cheni, kile kinachoitwa nusu kiungo (half link), ni karibu 6. Ukijaribu 32 na 17, 32 na 18, 34 na 18, huenda ukakuta jozi inayokaza yenyewe. Ni raha ya ajabu, mpaka cheni itanuke.

Kipimo cha mkazo: katikati ya cheni, isukume juu na chini kwa kidole. Icheze kama sentimita 1 hadi 1.5. Zungusha pedali robo kwa robo ukirudia kipimo, kwa kuwa hakuna sproketi iliyo duara kamili, na pima pale inapokaza zaidi. Ikikazwa kama uzi wa zeze, beringi zitalia ndani ya mwezi.

## Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kuamini

Inyanyue nyuma, zungusha pedali kinyumenyume mara ishirini. Usikie mlio mmoja mtulivu. "Tik" inayorudi kila mzunguko wa cheni ni kiungo kigumu, kipinde kwa mikono kushoto kulia. "Tik" inayorudi kila mzunguko wa pedali iko kwenye sproketi ya mbele.

Kisha bana breki ya mbele, weka mguu mmoja kwenye pedali ikiwa mbele, kandamiza kwa uzito polepole. Cheni isiruke.

Tafuta mpando mfupi, upande ukiwa umekaa. Halafu ndipo usimame. Fuata mpangilio huo. Cheni ikiruka umesimama unatua juu ya bomba la fremu, na mwanamume aliyetua hapo hahitaji mwongozo wa pili.

## Kwenye tope lenyewe

Matairi ya upana wa inchi 1.9 au 2.0 yanapita vizuri kuliko manene, kwa sababu tope linapata njia ya kutoka kati ya tairi na fremu. Vua madigadi za kubana. Zinageuka kuwa mwiko. Mimi hutembea na kijiti cha mti mgumu mfukoni cha kukwangua.

Ukirudi, osha kwa ndoo na brashi. Usiipeleke kwenye pampu ya kuoshea magari, maji yale yanapenya kwenye habu na kufukuza grisi yote, na utajua wiki tatu baadaye. Futa cheni, kisha tone moja la oili safi kwa kila kiungo. Oili chafu ya injini, ile ya bure ya gereji, ina vumbi la chuma ndani yake; unajipakia tupa kwenye cheni mpya.

Baada ya safari mbili za kwanza kaza tena pete ya kaseti, bolti za mbele na nati za gurudumu, maana rundo hukaa na kulegea. Tazama na raba za breki, tope la mchanga huzila haraka, na sasa kwenye mteremko huna gia ya kukushughulisha, una breki tu.

Cheni ipime kila mwezi kwa rula ya chuma. Viungo 24, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni milimita 304.8 ikiwa mpya. Ikisoma 306.5, nunua nyingine wiki hiyohiyo.